Samadi, Chumvichumvi na Mpapai katika Nchi ya Karagwe

Mwaka 1938 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, alichapisha makala juu ya jambo lililowastaajabisha wageni wengi walioingia nchi za magharibi ya ziwa Viktoria: ya kuwa juu ya mwamba wa namna moja, na chini ya mvua ile ile, shamba la migomba lenye udongo mweusi na laini hupakana, pasipo mpaka wowote uliowekwa na maumbile, na uwanda wa nyasi ambao udongo wake ni dhaifu hata hauwezi kulea mahindi misimu mingi mfululizo. Milne aliandika habari za Bukoba, na ardhi ya Karagwe haifanani na ya Bukoba kwa kila sifa, maana huku mvua ni chache zaidi na miamba ni mingine; walakini mtu wa Rugera, huko Karagwe, akisomewa maneno hayo huona kwamba anasimuliwa habari za kwao, kwa kuwa kibanja na rweya, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na uwanda wa nyasi ulio nje yake, vimepakana huko vivyo hivyo. Jawabu la mtaalamu yule lilikuwa kwamba tofauti hiyo ni athari ya kazi ya binadamu. Rutuba ya kibanja haikukutwa pale. Ilichukuliwa kidogo kidogo kutoka uwandani, ikakusanywa kuizunguka nyumba, ikatunzwa vizazi kwa vizazi.

Nimeanza na ithibati hiyo kwa sababu siku hizi, anapoelezwa mkulima wa Karagwe namna ya kuchanganya mbolea ya asili na mbolea ya viwandani ili apate mapapai makubwa na matamu, aghalabu huelezwa kana kwamba elimu ya kulisha ardhi inaingia kwake kwa mara ya kwanza, nayo imefungwa ndani ya mfuko wenye maandishi ya kigeni. Huko ni kuikosea heshima historia, na tena ni kujinyima msaada, maana mtu aliyefanya kazi moja kwa karne kadhaa hufundishika kwa wepesi akionyeshwa kwamba jambo jipya ni tawi la kazi ile ile. Nakusudia basi kueleza kazi hiyo ilivyokuwa, mahali ilipokatika, na jinsi mpapai, mti wa kigeni uliozoea kuota jalalani, ulivyokuja kuwa kipimo chake kizuri kupita hata mgomba.

Zamani, nyumba ya watu wa Karagwe ilikuwa msonge, nyumba ya nyasi iliyojengwa kwa duara kutoka chini hadi kileleni, na mwenye ng'ombe alilala nao humo ndani. Sakafu ilitandikwa nyasi zilizokatwa rweya, na nyasi hizo zilipochakaa zilitolewa zikamwagwa katika migomba, na mpya zikaletwa mahali pake. Ng'ombe walikwenda malishoni asubuhi, wakala majani ya uwanda, wakarudi jioni na rutuba ya uwanda matumboni mwao. Asubuhi ya pili kinyesi chao kilizolewa kikapelekwa mashinani. Majivu ya mafigani, maganda ya ndizi, makapi ya pombe, mabua ya maharage na taka za kufagiliwa uani vilifuata njia hiyo hiyo. Ukipita katika kibanja cha kale, ukaanza mlangoni ukaenda hadi ukingoni, utaona kwa macho yako jinsi mikono ilivyopima safari zake: migomba iliyo karibu na nyumba ni minene na mikungu yake mizito, na kadiri uendavyo mbali na mlango shina hupungua, mpaka ufike ukingoni ambako majani ni ya manjano, kwa kuwa mbebaji wa kikapu cha samadi huchoka kama achokavyo mtu mwingine yeyote.

Kanuni ya maisha hayo ilikuwa kwamba eneo kubwa la nyasi lilinyonywa ili eneo dogo la chakula lineemeke. Hapo pana jambo ambalo wanaokisifu kilimo cha asili hulisahau: mbolea ya asili haitoki hewani, na kila kikapu kilichoingia kibanjani kilikuwa kimepungua mahali pengine. Maadamu watu walikuwa wachache na uwanda mpana, nakisi ya uwanda haikuonekana. Aidha, ng'ombe hawakuwa sawa mikononi mwa watu wote. Karagwe ilikuwa dola ya ukoo wa Bahinda, na makundi makubwa yalikuwa ya watawala na ya Wahima wafugaji. Mkulima asiye na ng'ombe aliipata samadi kwa urafiki, kwa utumishi au kwa kubadilishana mazao. Kwa hiyo kiasi cha weusi wa udongo kibanjani kilikuwa pia habari ya hadhi ya mwenye nyumba, na nadhani hali hiyo haijatoweka kabisa, ingawa hadhi ya leo hupimwa kwa fedha.

John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, na Grant, aliyeshikwa na kidonda kibaya mguuni, alikaa huko miezi kadhaa baada ya mwenzake kwenda Buganda. Habari walizoziandika zimejaa ng'ombe wenye pembe ndefu, maziwa na pombe ya ndizi. Hata katika hazina ya ufalme mlikuwamo sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma, kazi ya wahunzi ambao ustadi wao katika nchi hizi ni wa kale mno. Maana mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyechimba Katuruka na mahali pengine Buhaya, upande wa Bukoba, ameonyesha kwamba chuma kiliyeyushwa upande ule wa ziwa yapata miaka 2,000 iliyopita, na kwamba misitu ilikatwa kwa ajili ya makaa ya tanuri. Nchi iliyovuliwa msitu wake haina budi kulishwa, la sivyo hugeuka nyasi tupu. Na jitihada ya watu wa Karagwe ya kukusanya samadi yafaa itazamwe kwa nuru hiyo, kuwa ni malipo ya deni la kale kwa ardhi.

Katika zama hizo hizo za Rumanyika, wafanyabiashara wa pwani na Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, katika njia ya kutoka Unyanyembe kwenda Buganda. Na Henry Morton Stanley, alipopita Karagwe mwaka 1876, alimkuta huko Hamed bin Ibrahim, Mwarabu aliyekuwa ameishi bara miaka mingi. Yamkini matunda kadhaa ya pwani yalipandishwa bara kwa njia za misafara kama hizo, kwa maana mbegu za papai ni nyepesi, hukauka vizuri, na tunda moja hubeba mamia yake. Asili ya mti huo si ya Afrika. Ulitoka Marekani ya Kati, ukaandikwa na Mhispania Gonzalo Fernández de Oviedo katika karne ya 16, na mwisho wa karne hiyo Mholanzi Jan Huyghen van Linschoten alieleza jinsi ulivyokwisha kufika Bara Hindi. Mti uliozunguka dunia kwa kasi namna hiyo ulizunguka kwa sababu haukuhitaji msaada mwingi wa kuota. Mtu alikula tunda, akatupa mbegu jaani, na jaa likamzalia mpapai.

Hivyo ndivyo mpapai ulivyoishi Karagwe kwa muda mrefu: nyuma ya jiko, kando ya bafu la uani, penye maji ya kuogea na majivu na maganda, mti wa watoto na wa mgonjwa aliyekosa hamu ya chakula. Hakuna aliyeuhesabu kuwa ni zao. Walakini mwenye macho angeweza kuona jambo: mpapai wa jaani ulizaa kupita wote, na mbegu ile ile ikidondoka ukingoni mwa kibanja ilitoa mti mwembamba wenye matunda ya ukubwa wa ngumi. Huo ulikuwa mtihani uliofanywa mara elfu pasipo mtaalamu.

Mnyororo wa ng'ombe na kibanja ulipata pigo lake la kwanza kubwa katika miaka ya 1890 na 1891, sotoka ilipoteremka kutoka kaskazini ikaua ng'ombe wa Afrika ya Mashariki kwa wingi usiokadirika. Watu wa Karagwe waliumia mara mbili, maana pamoja na maziwa na nyama walipotelewa na mbolea. Migomba haifi mwaka ule ule samadi inapokoma. Hupungua polepole, na ndiyo sababu msiba wa namna hiyo hausimuliwi sana, kwa vile njaa ya udongo huja baada ya watu kusahau chanzo chake. Makundi yalizaliana tena kwa kiasi, lakini zama mpya zilikuwa zimeingia: ukoloni wa Wajerumani, kisha wa Waingereza, kodi ya fedha, na kahawa.

Kahawa ilikuwa mti wa kale katika nchi hizi, uliotafunwa kwa heshima ya mgeni na kwa mapatano ya udugu. Lakini sasa ilipandwa ili iuzwe ng'ambo, tena humo humo kibanjani kati ya migomba. Tangu hapo kila gunia lililoteremshwa ziwani lilichukua sehemu ya rutuba iliyokuwa ikizunguka nyumbani bila kutoka. Ndizi nazo zilipopata soko miji ya mbali, zilikwenda na maganda yake, ambayo ni tajiri wa potasiamu. Na maganda yaliyokuwa yakirudi shinani yakawa yanaozea katika majalala ya miji ambayo mwenye kibanja hataiona maisha yake yote.

Serikali ya kikoloni iliona dalili za unyonge wa migomba na kahawa, ikatoa amri. Mwaka 1937 kanuni za kilimo cha kahawa zilileta fujo Bukoba; na mwaka 1953, migomba ilipoandamwa na fukusi na maafisa wakalazimisha hatua za kumwangamiza, hasira ya wakulima ilipata sauti katika mikutano ya wanasiasa kama Ali Migeyo, ambaye mkutano wake wa Kamachumu ulitawanywa na polisi. Wala siamini kwamba wakulima wale waliipinga elimu. Walipinga kuamriwa na mtu ambaye hakuwauliza kwanza kibanja huishi kwa kitu gani; na migomba iliyoshiba samadi humstahimili fukusi kwa nguvu ambayo migomba yenye njaa haina.

Sasa ni lazima tutoke Karagwe kwa kitambo, tuone mbolea ya viwandani ilikotoka. Justus von Liebig, Mjerumani, mwaka 1840 alieneza hoja kwamba mimea hula madini, na kwamba madini hayo yaweza kurudishwa ardhini kutoka nje. Miaka miwili baadaye John Bennet Lawes wa Uingereza alipata hataza ya kutengeneza mbolea ya fosfati kwa kutumia asidi, na mwaka 1843 akaanzisha majaribio katika shamba lake la Rothamsted. Shamba la ngano la Broadbalk lipo mpaka leo: kuna vipande vilivyopewa samadi, tani 35 kwa hekta kila mwaka, na vipande vilivyopewa chumvi za kiwandani peke yake, na kipande kisichopewa kitu. Kwa muda uliopita miaka mia, samadi na chumvi zilitoa mavuno yaliyokaribiana sana, jambo ambalo wapenzi wa kila upande hawapendi kulisikia. Lakini zilipokuja aina mpya za ngano zenye uwezo wa kuzaa zaidi, vipande vilivyopewa samadi na kuongezewa naitrojeni ndivyo vilivyoongoza. Mwaka 1909 Fritz Haber akaweza kuifunga naitrojeni ya hewa kuwa amonia, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza kuitengeneza kwa wingi; na tangu wakati huo binadamu akaweza kununua kwa mfuko kile ambacho mkulima wa Karagwe alikitafuta kwa mguu wa ng'ombe.

Mfuko huo ulichelewa sana kufika Rugera. Serikali ya Tanzania huru ilijenga kiwanda cha mbolea Tanga, kikaanza kazi mwaka 1972, kikitegemea malighafi za kuletwa kwa meli. Kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati ule ule ruzuku za mbolea zilipoondolewa hatua kwa hatua. Fosfati ya Minjingu, karibu na ziwa Manyara, ilianza kuchimbwa miaka ya 1980, nayo ni mali yetu wenyewe. Ila mikoa iliyonufaika na mbolea ya viwandani ilikuwa hususa ile ya mahindi na tumbaku, Iringa, Mbeya, Ruvuma, Tabora. Ilhali Kagera, mkoa wa ndizi na kahawa ulio zaidi ya kilometa 1,000 kutoka bandarini, ulibaki na jina la nchi isiyohitaji. Jina hilo lilikuwa zuri masikioni, na lilidhuru.

Lilidhuru kwa sababu mnyororo wa kale ulikuwa umeendelea kukatika. Watu waliongezeka, rweya zikagawanywa, zikapandwa miti na kulimwa, malisho yakapungua. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliteketeza mifugo upande wa kaskazini, na mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Ngara na Karagwe kwa mamia ya maelfu, wakihitaji kuni na nyasi kama wahitajivyo wanadamu wote. Wataalamu F. P. Baijukya na B. de Steenhuijsen Piters walichapisha mwaka 1998 hesabu ya rutuba iingiayo na itokayo katika vibanja vya wilaya ya Bukoba, na hesabu yao yafaa isomwe katika kila kijiji cha mkoa: kaya zenye ng'ombe zilikuwa bado zinajaza vibanja vyao, na kaya zisizo na ng'ombe zilikuwa zinapoteza kila mwaka. Mipango ya kukopa ng'ombe na kulipa ng'ombe, ambamo mtu hupewa mtamba wa maziwa na baadaye hutoa ndama kwa jirani, imesaidia kuurudisha mnyororo katika kaya nyingi. Na mimi naihesabu kuwa mipango ya mbolea kuliko ya maziwa.

Karagwe yenyewe nayo imepata kupimwa. Mtafiti Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akishirikiana na shirika la wakulima la MAVUNO, alifanya majaribio katika udongo wa wilaya hiyo, na matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Udongo ulionekana kuwa na upungufu mkubwa wa fosforasi inayoweza kufikiwa na mimea, pamoja na uchachu. Na mboji iliyochanganywa na majivu, makaa yaliyosagika, taka za jikoni na kinyesi cha binadamu kilichotiwa joto hadi vijidudu vikafa, iliongeza fosforasi, ikapunguza uchachu na kukuza mavuno. Yaani kile kilichorundikwa kibanjani tangu kale kilithibitishwa kwa vipimo vya maabara, na choo kikaongezwa, mahali ambapo wazee hawakuthubutu kupagusa.

Hapo sasa ndipo mpapai unapoingia kwa haki katika historia hii. Mahindi hula kwa miezi minne, kisha hukatwa. Mpapai, ukisha kufikia umri wa kuzaa, yapata miezi tisa hadi kumi na miwili kwa kutegemea baridi ya mahali, huwa na jani changa, ua, papai bichi na papai lililoiva kwa wakati mmoja, na haupumziki. Mizizi yake ya kulia iko juu juu ya ardhi, haipendi maji yaliyosimama, na shina lake halina mti mgumu wa kuwekea akiba. Kwa tabia hiyo mti huo haudanganyiki: ukinyimwa chakula mwezi huu, mwezi wa mbele utaangusha maua, na palipo na pengo la maua leo pana pengo la matunda baadaye, ambalo mtu yeyote aweza kulisoma shinani. Na ukikosa boroni, madini yanayohitajiwa kwa chembe tu, huzaa mapapai yenye manundu, ambayo wachuuzi huyakataa.

Mti wa namna hiyo hauwezi kulishwa kwa samadi peke yake na mtu mwenye ng'ombe mmoja, tena hauwezi kulishwa kwa chumvichumvi, yaani mbolea ya viwandani, peke yake katika udongo wa Rugera. Hesabu ni hii. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Samadi iliyokauka, ikiwa nzuri, ina naitrojeni kiasi cha sehemu moja katika mia. Basi ili kupata kilo 23 hizo yatakiwa zaidi ya tani mbili za samadi, na kila kikapu kibebwe kichwani. Lakini urea haishiki maji wakati wa kiangazi, haiupi udongo mshikamano, haina fosforasi wala potasiamu wala boroni, na ikitiwa mwaka baada ya mwaka katika udongo mchachu huuzidishia uchachu. Fosforasi ya viwandani nayo, ikimwagwa katika udongo mwekundu wenye chuma na alumini, hufungwa humo isipatikane kwa mizizi, ilhali ikizikwa pamoja na samadi iliyooza, mizizi huifikia kwa urahisi zaidi. Kila moja huiwezesha nyenzake. Hiyo ndiyo sababu nusu ya hii na nusu ya ile aghalabu huzaa kuliko kiasi kizima cha mojawapo, na ndiyo kanuni wanayoifuata wataalamu wengi wa udongo katika Afrika ya Mashariki leo.

Wakulima wanaopanda mipapai kwa ajili ya soko hufanya hivi, nami naeleza polepole kwa sababu uzuri wa kazi uko katika mpangilio wake. Shimo huchimbwa kina na upana wa kama sentimeta 60, na udongo wa juu, ulio mweusi, hutengwa na ule wa chini ulio mwekundu. Udongo wa juu huchanganywa na madebe mawili ya samadi iliyooza barabara, ambayo haina joto tena na haina harufu kali, pamoja na gao la mbolea ya fosfati, ya Minjingu au TSP. Mchanganyiko huo hurudishwa shimoni, ukaachwa utulie wiki mbili hivi. Miche miwili au mitatu hupandwa pamoja, na ichanuapo hubakizwa mmoja ulio jike au wenye jinsia zote mbili, madume yakaachwa machache tu shambani kwa ajili ya chavua. Baada ya hapo chumvichumvi, CAN au NPK, hutolewa kidogo kidogo, mara nyingi, wakati wa mvua, kwa kuizungushia pale kivuli cha majani kinapoishia, pasipo kugusa shina wala kuchimbua mizizi. Kisha nyasi za rweya hutandazwa juu, mbali kidogo na shina. Tazama hatua ile ya mwisho. Ni ile ile ya mtu wa msonge aliyemwaga nyasi zilizochakaa katika migomba.

Samadi mbichi ni adui katika kazi hii, na nyasi zilizozikwa kabla ya kuoza huila naitrojeni ya udongo badala ya kuitoa, hata mti ukageuka manjano mbele ya mtu aliyeamini kwamba ameulisha. Wala chumvichumvi nyingi si wema zaidi. Naitrojeni ikizidi, papai huwa kubwa na laini, likaharibika njiani kabla ya kufika Bukoba au Mwanza.

Kuna pingamizi moja ambalo ni la haki, nalo halitoki kwa wanaochukia mbolea ya viwandani kwa mazoea tu. Vyama vya ushirika vya mkoa, KCU na KDCU, vimeuza kahawa ya kilimo hai ng'ambo, na mkulima aliyesajiliwa katika biashara hiyo hana ruhusa ya kutia chumvichumvi katika shamba la kahawa. Mtu huyo akipanda mipapai kati ya mibuni yake kisha akailisha urea, anavunja ahadi aliyoitia sahihi na kuwahatarisha jirani zake wote walio katika chama. Sharti achague: ama mipapai ya kulishwa namna zote mbili iwe katika kipande chake mbali na kahawa, ama ibaki ya mboji na majivu tupu, na matunda yake yawe ya nyumbani. Kuchanganya mambo hayo kwa siri ni hiana, hata kama mapapai yatakuwa matamu.

Mwaka 2022, bei ya mbolea ilipopanda duniani kote kwa sababu ya vita vya Ukraine na mambo mengine, serikali ilirudisha ruzuku, na mfuko wa urea au DAP ukauzwa kwa shilingi 70,000 kwa mkulima aliyejiandikisha. Ni msaada mkubwa. Lakini ruzuku imepata kuondolewa zamani na yaweza kuondolewa tena, na mfuko ukimwagwa katika udongo usio na samadi, mvua kubwa za masika huondoka na sehemu yake bondeni. Tena nimeona katika vijiji vingi biwi la samadi likiachwa wazi juani na mvuani kwa miezi, naitrojeni yake ikipaa hewani na potasiamu ikitiririka mtaroni, na mwenye biwi hilo akienda dukani kununua kwa fedha vitu vile vile vilivyompotea bure mlangoni. Kivuli cha majani ya migomba juu ya biwi, shimo lenye sakafu iliyoshindiliwa, na mfereji wa kukusanya mkojo wa ng'ombe havitaki elimu ya chuo.

Kwa hiyo neno langu kwa kijana wa Rugera anayetaka kupanda mipapai, naye ana fedha ya mfuko mmoja tu wa kilo 50, ni hili: anunue wa kilo 25, na fedha iliyosalia aezekee biwi la samadi la nyumbani kwao kabla mvua za vuli hazijaanza.